Benzi la Danuta

Mimi sipendi moshi. Nalisema mapema, maana tangu arusi ile kuna watu jijini wanaotuita maadui wa mapafu. Nina mapafu mawili kama wao na nayahitaji bado. Nisichokubali ni kufundishwa usafi na mtu aliyeniuzia uchafu wake.

Nusu ya magari ya kijijini kwetu yametoka Ujerumani yakiwa yamechoka. Mjerumani alipotaka hewa safi, alituuzia sisi. Watu wa jijini nao walipopata magari mapya, yale ya zamani waliyaleta kwenye gulio letu la Jumapili na kuyasifia mpaka mate yakawakauka. Sasa jiji limejiwekea mpaka. Pale barabara yetu inapoingia mjini, baada tu ya duka la mikate, pamesimamishwa kibao na kamera, na gari la zamani la mtu wa kijijini halipiti. Sisi tumuuzie nani? Nasikia kuna meli zinayapeleka mbali zaidi, kwa watu ambao siku moja nao wataambiwa wananuka. Nyani haoni kundule. Jina la jiji silitaji, wenyewe wanajijua.

Gari ninalolisema mimi lilinunuliwa na mdogo wangu Danuta. Alikuwa Ujerumani akimtunza bibi kizee mmoja, kumwogesha na kumlisha, na mume wa yule bibi alipofariki, Benzi lake la dizeli likabaki gerejini bila dereva. Danuta akalinunua, akawa anarudi nalo nyumbani kila baada ya miezi miwili. Binti yake, Kinga, alikuwa darasa la kwanza. Siku ya mama kurudi alikaa juu ya uzio tangu mchana, na hakuwa anatazama barabara, alikuwa anasikiliza. Benzi lile hugonga kama mtu anayekohoa huku anacheka. Kinga alilisikia tangu kwenye kona yenye msalaba wa kijiji, kabla hata mbwa hajasimamisha masikio, na alikuwa ameshafika barabarani peku.

Miaka minne iliyopita ugonjwa ukamchukua Danuta. Mumewe, shemeji yangu Zenon, hakuliuza Benzi. Kila Jumapili baada ya misa analiwasha, anakaa ndani, analizima, anaingia kula. Kadi ya gari mpaka leo ina jina la marehemu. Hakuna aliyethubutu kumwambia abadilishe.

Kinga akampata Borys, kijana wa mjini, mtaratibu, anayekula bila kuchagua. Mama yake Borys, Bi Grażyna, akataka arusi ifungwe kwenye kanisa la mtaani kwao, katikati ya jiji. Kinga akakubali. Akakubali ukumbi, maua, na hata wapiga muziki waliochaguliwa na mkwe. Akabaki na sharti moja tu.

"Naenda kwa gari la mama," alisema. "Nataka asikike mpaka mlangoni pa kanisa."

Bi Grażyna alikuwa kwetu siku hiyo, anakunywa chai.

"Kinga, mwanangu, gari lile haliruhusiwi tena mjini. Kaka yangu analo la umeme, jeupe, zuri. Halitoi hata mlio."

"Ndiyo ubaya wake, mama."

"Utaingia kanisani unanuka dizeli!"

"Heri dizeli yenye mwenyewe," nikasema mimi, "kuliko manukato ya kuazima." Bi Grażyna akaweka kikombe chini, na hakumalizia keki yangu ya mbegu za mipopi, jambo ambalo sijamsamehe.

Zenon, mtu asiyependa ugomvi, alivaa koti lake la Jumapili akaenda jijini kuomba ruhusa ya siku moja. Alirudi akapitiliza ndani. Nikambana jikoni.

"Wamesemaje, shemeji?"

"Wamesema ombi halipokelewi kwa mtu mwingine. Mwenye gari aje mwenyewe."

"Hukuwaambia?"

"Nimewaambia. Yule binti kasema pole sana, lakini mwenye gari aje mwenyewe."

Nilisikia hasira ikinipanda mpaka kwenye nywele. Kinga alikuwa mlangoni, amesikia yote. Hakulia. Alisema tu, "Basi tutaenda," akarudi kuosha vyombo.

Kwetu arusi haiendi kanisani bila kuwekewa lango. Majirani wanavuta kamba yenye tepe za rangi katikati ya barabara, wamevaa vichekesho: mmoja daktari, mmoja mtawa mwenye ndevu. Maharusi hawapiti mpaka watoe chupa ya vodka. Chupa ikishatoka, lango hufunguliwa, hakuna mjadala. Kwa hiyo Jumamosi ile, baada ya maharusi kupiga magoti na kubarikiwa nyumbani, mimi nilikaa mbele kwenye Benzi na sanduku la chupa mapajani. Zenon alikuwa kwenye usukani, maharusi nyuma. Bi Grażyna alikuwa ametangulia na lile gari jeupe la kaka yake.

Lango la kwanza tulilikuta dukani, la pili kwa vijana wa zimamoto, nao wakatufuata. La tatu, jirani yetu Walenty, mtundu wa kijiji, alikuwa amelifunga palepale chini ya kibao cha jiji. Kamba ilitoka kwenye nguzo ya kibao mpaka kwenye mkokoteni wake, na farasi wake mnene, Bury, alikuwa amevishwa maua kichwani. Walenty mwenyewe alivaa kofia ya polisi na filimbi shingoni. Pembeni yake alisimama mwenzake, kavaa sare kamili, sharubu nene, kakunja uso.

Nikashuka na chupa.

"Afande!" nikamwambia yule wa sharubu. "Mmependeza leo! Hizi umezibandika kwa gundi gani?" Nikazivuta.

Hazikung'oka.

"Mama," akasema yule bwana, machozi yakimlenga, "mimi ni askari wa jiji."

Walenty aliinama nyuma ya farasi, mabega yanamtikisika. Nikaona aibu, lakini aibu haikai kwangu muda mrefu. Nikamwekea chupa mkononi.

"Askari au si askari, umesimama kwenye lango la arusi. Pokea, tufungulie."

"Mama, hii ni rushwa."

"Rushwa? Hii ni arusi!"

"Gari hili halipiti. Lina umri gani hili? Zimeni injini."

Zenon akazima. Kukawa kimya ghafla, na ndani ya gari nikamwona Kinga amefumba macho. Bi Grażyna alikuwa ameegesha mbele kidogo, ng'ambo ya kibao. Akaja mbio kwa viatu vyake virefu.

"Nilisema mimi! Nilisema au sikusema? Kinga, mama, shuka uje kwenye gari safi. Kasisi ana arusi nyingine baada yetu, hatungoji."

Askari naye akaona njia ya kujitoa. "Sawa kabisa. Bibi arusi apande lile jeupe, hili lirudi nyumbani, mimi sijaona kitu. Arusi njema."

Lilikuwa neno la busara. Nakiri hata mimi nilikaribia kukubali. Zenon akageuka nyuma, akamwambia bintiye kwa sauti ndogo, "Nenda tu, mwanangu. Mama angeelewa."

"Baba, mama asingeelewa hata kidogo," akasema Kinga. Akafungua mlango, akashuka, gauni zima mikononi, akamkabili askari.

"Kilichokatazwa ni nini? Gari au moshi?"

"Moshi. Ni kwa ajili ya hewa, dada."

"Na farasi je?"

Askari akamtazama Bury. Bury, mnyama asiye na adabu, akainua mkia akaacha mzigo wake palepale chini ya kibao, unafuka mvuke.

"Afande," Walenty akauliza kwa heshima zote, "huo mvuke uko daraja la ngapi la uchafuzi?"

Watu walicheka mpaka wale wa duka la mikate wakatoka nje. Hata sharubu za askari zilitikisika. Walenty hakungoja jibu. Alifungua kamba ya lango kwenye nguzo, akamtoa Bury mkokotenini, akafunga kamba chini ya Benzi, tepe zote zikining'inia.

"Mama, shika koti langu," Borys akamwambia Bi Grażyna.

"Unakwenda wapi wewe?"

"Kusukuma."

"Na suti mpya? Borys!"

"Suti itafuliwa, mama. Kaa pembeni, utakanyagwa."

Nikampenda kijana yule pale pale. Kinga akarudi kukaa, safari hii mbele, na mimi nikapelekwa nyuma na sanduku langu. Askari akachungulia dirishani.

"Nitafuatana nanyi kwa miguu. Injini ikilia hata mara moja, naandika faini."

Ndivyo tulivyoingia jijini. Bury alivuta, Borys na vijana wa zimamoto wakasukuma, Walenty alipuliza filimbi kwenye kila makutano. Zenon alipigana na usukani, maana Benzi lile likizimwa linakuwa zito kama ng'ombe aliyegoma, na breki zake zinataka miguu miwili. Nyuma yetu magari mapya yalipanga mstari mrefu. Wengine walipiga honi kwa hasira, wengine kwa furaha. Bibi mmoja kwenye roshani alitupungia mkono wenye kitambaa cha vumbi. Mimi nilifungua dirisha nikawagawia chupa waliosimama kando ya njia, maana lango la kweli sasa lilikuwa jiji zima.

Lakini kila nilipomtazama Kinga, hakuwa anacheka. Alikuwa ametega sikio, vile vile kama zamani juu ya uzio, na hakukuwa na kitu cha kusikia ila kwato. Nikamfahamu. Tumelipitisha gari, mama yake bado hajafika.

Kanisani kasisi alikuwa nje, anaitazama saa yake. Bi Grażyna alishafika, koti la mwanawe mkononi. Bury akasimama mbele ya ngazi, watu wakapiga makofi, Zenon akajifuta jasho. Askari akapumua, akavua kofia.

"Mmenishinda kwa halali," akasema. "Haya, mwende mkaoane."

Kinga hakushuka. Alimwinamia baba yake, akaushika ufunguo, akauzungusha nusu. Kwenye dashibodi ikawaka taa ndogo ya njano. Injini zile za zamani haziharakishwi. Unangoja taa izimike kwanza, na hilo alifundishwa mapajani mwa mama yake akiwa hajui hata kusoma.

"Kinga," Zenon akanong'ona, "atakuandikia."

"Aandike."

Taa ikazimika. Akamalizia kuzungusha.

Benzi likakohoa, likatikisika, likashika. Wingu jeusi likatoka nyuma, njiwa wakaruka kutoka mnarani, na ule mlio wake wa kugonga, kukohoa na kucheka, ukapanda ngazi ukaingia kanisani kupitia milango iliyo wazi. Zenon akaweka paji la uso kwenye usukani. Mimi nililia, na sikujificha.

Askari alikuja na kijidaftari chake, amekasirika kweli sasa.

"Nilikwambia! Zima. Gari la nani hili?"

Kinga akashuka. Akakung'uta gauni, akamshika Borys mkono, mikono yake Borys ikiwa myeusi kwa masizi.

"La Danuta Wrona. Andika vizuri, Wrona."

"Wewe ndiye Danuta?"

"Mimi ni Kinga. Danuta ni mama yangu."

"Yuko wapi huyo mama? Nataka kuzungumza na mwenye gari."

"Mlimwambia baba mwenye gari aje mwenyewe," akasema Kinga. "Haya, amekuja. Si unamsikia?"

Askari alishusha kijidaftari. Alimtazama Zenon, ambaye bado hajainua kichwa, kisha akanitazama mimi, na nadhani usoni kwangu alisoma kilichobaki. Bi Grażyna naye alikuwa amesikia. Alisimama na koti lile kifuani.

"Nitaandika," akasema askari, taratibu. "Lazima niandike."

"Andika. Ila ukimaliza, usimzime mpaka nimeapa."

Wakapanda ngazi. Kasisi alitaka milango ifungwe kwa sababu ya kelele, lakini Bi Grażyna mwenyewe aliweka mgongo kwenye ubao wa mlango usifungwe, akabaki hapo misa nzima, kwa hiyo kasisi ikabidi apaze sauti.