Siri ya Anselme na Tegu wa Mbweha

Katika vijiji vya milima ya Jura, mpakani mwa Ufaransa na Uswisi, mtu hataji mahali anapochuma uyoga wa sega, ulio adimu na mtamu, mpaka awe anakata roho. Ndiyo maana Anselme alipoambiwa ini lake lina uvimbe, na daktari akainamisha macho, alimwita shemeji yake Firmin, kaka wa mkewe, kando ya kitanda.

"Juu ya chemchemi," alinong'ona, "nyuma ya jiwe lililopasuka."

Firmin alilia machozi ya kweli. Kisha akatoa kalamu. "Rudia hapo kwenye jiwe, shemeji."

Wiki mbili baadaye majibu ya damu na ya kipande cha ini yalirudi.

"Mzee, si saratani," alisema Daktari Perrenot. "Ni tegu wa mbweha."

"Wa nani?"

"Mbweha ananya malishoni, mayai ya tegu, huyo mnyoo wa tumboni mwake, yanabaki kwenye majani. Ukila majani hayo mabichi, mayai yanaanguliwa na mnyoo anajijenga kwenye ini polepole, miaka kumi na zaidi. Kwenye picha utadhani ni saratani. Ni ugonjwa wa nadra, lakini huku ndiko kwao. Unakula majani ya malishoni?"

"Mara mojamoja."

Mkewe Odile, rozari mkononi, alikohoa. "Daktari, ng'ombe wetu wanamwonea wivu. Tena haoshi! Eti maji yanaondoa ladha."

"Basi ni vidonge, labda maisha yako yote. Lakini utaishi."

Odile alipiga ishara ya msalaba. Anselme naye alimshukuru Mungu kwa moyo wote, kisha akapauka. Katika sala zake zote aliomba uzima. Hakukumbuka kuomba Firmin asahau.

Walimkuta Firmin mezani kwake, akila, mbele ya kikapu kilichojaa uyoga.

"Nilikupa siri nikiwa nakufa," Anselme alifoka. "Sasa sifi. Irudishe!"

"Nirudishe vipi? Nijikate kichwa?"

"Basi nitajie pako pa uyoga, tuwe sawa."

"Mimi ni mzima, shemeji. Pangu nitataja siku yangu ikifika."

Odile alivua kitambaa cha kichwani taratibu. "Kaka, saladi ya Pasaka, ya majani yale yale ya malishoni, umeila kwetu miaka mingapi?"

"Ishirini... " Firmin aliuweka uma chini. Mkono wake ulitambaa wenyewe mpaka ubavuni, upande wa ini.

"Jumatatu unakwenda kupimwa damu," Odile alisema. "Nitakuombea."

Anselme alivuta kiti karibu, akaichukua ile kalamu mfukoni mwa Firmin.

"Polepole, shemeji," alisema kwa huruma. "Anzia barabarani."