Faili Lililolazwa

Ubao wa taa uliotundikwa mlangoni mwa idara ya majengo ulionyesha wakaguzi watano na kasi ya kila mmoja wao. Aliyechelewesha kazi aliwaka nyekundu, mbele ya kila mwananchi aliyepita. Asubuhi aliyorudi kutoka likizo ya siku ishirini na nane, mkaguzi wa tatu kwenye orodha alikuta mstari wake umewaka kijani kutoka mwanzo hadi mwisho. Hakufurahi. Alijijua, na hakuwahi kuwa mwepesi kiasi hicho.

"Hongera, Mama Kesho!" karani wa masjala alimpokea kwa makofi. Huyu alikuwa amebakiza miezi minne kustaafu, na hakukuwa tena na mkubwa wa kumwogopa. Jina hilo la utani mkaguzi alikuwa amepewa na wananchi wenyewe, kwa kuambiwa waje kesho miaka ishirini na mitatu. "Vibali vyako vyote vimetoka ndani ya muda. Hata kile cha shule."

"Cha shule kipi?"

"Ile wanayoiongezea ghorofa. Siku kumi na nne ziliisha hujajibu, mashine ikakitoa yenyewe. Diwani alikuja kukichukua na kina mama kama thelathini, vigelegele mpaka barabarani. Mafundi hawalali. Nasikia leo wanamwaga zege la juu."

Mama Kesho aliinama kwenye rafu ya chini kabisa, nyuma ya mafaili ya miaka iliyopita, akalitoa faili la shule. Lilikuwa pale pale alipoliweka siku ya mwisho kabla ya likizo, limelala kifudifudi.

Mtu wa nje angeona faili limesahaulika. Mtu wa idara angeelewa mara moja. Kulaza faili ndiyo ilikuwa namna yao ya kukataa. Mkaguzi aliyeona kasoro hakuandika kwamba ameikataa kazi ya mtu, maana mtu huyo huenda ana mjomba serikalini; alililaza tu faili, akamwambia mwenyewe apite kesho. Mwombaji akija mara nne, mara tano, alijua limekwisha. Wengine katika idara waliliamsha faili kwa bahasha. Mama Kesho hakuwahi kupokea hata soda, na kwa hilo alijiona msafi kuliko wote.

Kisha mambo yakabadilika. Watu walipiga kura, wakawatoa madiwani walioteuliwa na wakubwa, wakaweka wa kwao. Sheria mpya ikaja na ubao wa taa na kompyuta: ombi lisilojibiwa kwa siku kumi na nne limekubaliwa. Mama Kesho alihudhuria semina ya siku mbili, akala maandazi, akapewa cheti. Sheria aliielewa vizuri sana. Lakini siku ile ya kabla ya likizo, alipoiona michoro ya shule na nguzo zake nyembamba zilizojengwa kubeba paa tu, akamfikiria diwani aliyechaguliwa kwa ahadi ya madarasa hayo, mkono wake ulifanya ulichozoea kufanya kwa miaka ishirini na mitatu. Ulililaza faili.

"Nipe hati ya kusimamisha ujenzi," alisema.

Karani alimtazama. "Ile ya kuandika jina na sababu? Mama, utamwaga unga. Na kutengua kibali huhesabiwa kuchelewa; ubao utakuwasha nyekundu kuanzia leo hadi mwisho wa mwaka."

"Nipe tu."

Mwendo wa dakika ishirini hadi shuleni aliukata kwa dakika kumi na mbili, kandambili za ofisini bado ziko miguuni. Njiani alijaribu kujituliza. Pengine waliongeza nguzo. Pengine zege halijaanza. Alipokata kona aliisikia mashine ya kuchanganyia zege ikinguruma, na chini yake sauti za watoto wakiimba jedwali la saba kwa pamoja, wamekazana ili wasizidiwe na kelele. Ndoo zilikuwa zikipanda kwa kamba. Nguzo zilikuwa zile zile.

"Simamisheni!"

Fundi mkuu alishuka ngazi akijifuta mikono. "Shikamoo, mama. Kibali tunacho, kimebandikwa pale getini. Kina muhuri wa ofisi yenu."

"Marahaba. Kibali nimekiona. Simamisha, na watoto watoke nje."

Diwani alikuwepo, na wazazi waliojitolea kubeba maji na mchanga walikuwepo pia. Diwani alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kidogo, aliyekuwa muuza duka kabla ya kuchaguliwa, na vumbi la saruji lilikuwa limemjaa kwenye nyusi. Mama Kesho angependa awe mwizi, kazi ingekuwa rahisi. Hakuwa mwizi.

"Watoto wangu humo ndani wanakaa mia moja na kumi darasa moja," diwani alisema. "Wengine wanasoma asubuhi, wengine jioni. Watu hawa walinipigia kura kwa ajili ya ghorofa hii. Leo ndiyo mnaamka?"

"Nguzo haziwezi kubeba. Nondo zake ni nyembamba. Zikiongezwa uzito huu, zinaweza kukatika."

"Umelijua lini hilo?"

Hapo Mama Kesho alikuwa na njia ya kupenya. Angeweza kuilaumu kompyuta ya ofisi, na wote wangemwamini. Aliwaona watoto wakianza kutoka kwa mistari, wadogo wameshikana mashati, akaona aibu iliyomchoma hadi masikioni.

"Siku ya kwanza niliyoiona michoro," alisema. "Wiki nne zilizopita."

"Ukasema nini?"

"Sikusema. Nililaza faili. Kwetu sisi hiyo ilikuwa ndiyo hapana."

Mama mmoja mwenye ndoo kichwani alicheka bila furaha. Diwani hakucheka. Aligeuka kuzitazama nguzo, akamwashiria fundi kwa kichwa. Mashine ikazimwa.

Mama Kesho aliweka hati juu ya mfuko wa saruji na kuijaza palepale. Sababu: nguzo hazitoshi. Uamuzi: hapana. Aliandika jina lake kamili, akatia saini, akampa diwani.

"Nitakuita mbele ya baraza," diwani alisema, akiisoma. "Uje uwaeleze wao, si mimi."

"Nitakuja."

Aliona kifua kimekuwa chepesi, hata akathubutu kupumua. Ndipo mzee mmoja akajitokeza katikati ya wazazi, penseli nyuma ya sikio. Alikuwa seremala wa kibarua hapo shuleni, na alimsogelea kwa adabu, kofia mkononi.

"Samahani, mama. Mimi ndiye yule wa karakana ya karibu na daraja. Nilikuletea ombi la kuijenga, nikapita kesho zako kwa miaka miwili. Mwisho nikaviuza vifaa, nikawa kibarua." Hakuwa na hasira, alitaka kujua tu. "Sasa leo umesema kulaza ilikuwa na maana yake. Nieleze, lile langu lilikuwa na kasoro gani?"

Mama Kesho alimtazama usoni, akitafuta. Alitafuta karakana, daraja, michoro, mwaka. Alitafuta hata siku moja tu ambayo alimwona mtu huyu amesimama mbele ya meza yake, asiipate.

Mzee alisubiri. Watu wote wakasubiri naye.