Gari Lililopona Kila Lilipoingizwa Ndani

Wewe ulimwona. Usijifanye. Ulimwona Wairimu amesimama kituoni University Avenue, mjini Saint Paul, Marekani, theluji imemfika vifundoni, anasubiri basi, ukageuza uso kana kwamba unatafuta stesheni ya redio. Ulikuwa na viti vitatu vitupu ndani ya gari. Lakini maneno ulikuwa umeshayasikia, na yalikutosha.

Basi sikia na yale usiyoyasikia.

Jumapili ya kwanza ya Januari 2014, betri ya gari la Wairimu ilikufa kwa baridi. Akaazima gari la shemeji yake Francis, lile jekundu la milango miwili, la mbio, la mwaka 1978, ambalo watoto wa Francis huruhusiwa kuligusa wakishanawa tu. Alikuwa anaenda kanisani, mtaa wa Phillips, Minneapolis, achukue basi dogo la kanisa awazungukie wazee, wengi wao wakimbizi wa Kongo wasio na leseni. Miaka minne aliwabeba hivyo: Jumapili ibadani, siku za wiki kliniki, kabla hajaingia zamu yake ya kuuguza. Hakuwahi kukwaruza hata kioo.

Asubuhi ile alikanyaga mafuta kuziwahi taa, akainua mguu. Pedali haikuinuka nao. Ilibaki chini kama imepigiliwa msumari, na gari likazidi kukimbia. Akakanyaga breki kwa nguvu zote, akatoa gia, akazima injini, likaenda kujichomeka kwenye lundo la theluji mbele ya duka la mchele. Hakuna aliyeumia. Bampa ilipinda.

"Ni mabuti yale," Francis alisema. "Mtu anavaa viatu vya jeshi, anakanyaga breki na mafuta pamoja, halafu analaumu gari."

Hata jioni haijafika, neno limeshavuka mto kutoka Saint Paul hadi Minneapolis: Wairimu hajui kuendesha. Mzee Sosthène, mwenyekiti wa kamati ya usafiri, akamwomba ufunguo wa basi. "Kwa muda tu, mama, watu watulie." Akautoa. Tangu siku hiyo mzee Twagirayezu, mmoja wa wazee aliowabeba, alikosa kliniki ya macho mara mbili, kwa sababu hakuna mwingine aliyejitolea kumpeleka.

Kwa kung'ang'ania Wairimu, gari lilipelekwa mtaa wa Frogtown kwa Elisée, fundi aliyewahi kutengeneza malori Uvira, Kongo. Mara tatu lilipelekwa, na mara tatu Elisée alilikaribisha kama mgeni aliyenyeshewa: fungua mlango upesi, ingiza, funga, washa hita. Siku ya pili yake alitafuta vumbi, kutu, springi iliyochoka. Pedali ikashuka, ikapanda, laini kabisa.

"Maman Wairimu, motokari iko muzima," alimwambia safari ya tatu. "Niliangalia yote. Pardon."

"Uliliangalia likiwa wapi?"

"Hapa ndani. Nitengeneze motokari inje na baridi hii? Vidole vitakatika!"

Jibu hilo likamkumbusha Wairimu jambo. Kazini alikuwa na bibi mmoja ambaye presha yake hupanda akiwa nyumbani tu. Akifika kliniki akaketi nusu saa, inashuka, daktari anamrudisha nyumbani na cheti cha uzima. Kwa bibi yule Wairimu alijifunza kuuliza kwanza, kupima baadaye. Akamgeukia Francis, aliyekuwa anapapasa bampa yake.

"Shemeji, siku moja kabla sijaliazima, gari lilifanya nini?"

"Halikufanya kitu. Nililiosha, kama kila Jumamosi."

"Uliosha wapi na wapi?"

"Kila mahali! Juu, chini, injini. Hii chumvi wanamwaga barabarani kuyeyusha theluji itakula gari likiwa hai. Mimi huelekeza mpira mpaka ndani kabisa, na maji moto."

"Halafu?"

"Halafu nini? Likalala nje. Kwani nina gereji mimi?"

Elisée aliacha kujifuta mikono. Akafungua boneti, akaifuata kwa kidole kebo inayotoka kwenye pedali kwenda kwenye kabureta. Kimpira kinachoziba mdomo wake kilikuwa kimepasuka.

"Ah, papa Francis," alisema. "Unalinywesha maji, halafu unalilaza kwenye frigo."

"Hizo ni hadithi," Francis akajibu, ingawa sauti ilikuwa imeshuka.

"Basi lioshe tena Jumamosi hii, vilevile," Wairimu akasema. "Elisée alivute mpaka kanisani, lilale nje. Likifanya kazi Jumapili, sitaudai ufunguo tena maisha yangu yote."

Jumapili hiyo kamati iliketi ukumbi wa chini wa kanisa, chai ya tangawizi mezani, hita zinavuma.

"Kitoeni hicho kifaa cha pedali mkilete hapa tukione," mzee Sosthène alisema.

"Humu ndani kitapona, mzee. Ugonjwa wake uko nje," Wairimu akajibu.

"Nje ni nyuzi ishirini chini ya sifuri, mama!"

Watu wakachungulia vikombe vyao. Wa kwanza kuchukua koti alikuwa mzee Twagirayezu. "Mimi natoka. Nilikimbia vita kwa miguu, leo niogope uwanja wa magari?"

Wakatoka wote, wakinung'unika.

Elisée alipiga magoti juu ya kipande cha katoni, injini imezimwa, akaisukuma pedali kwa mkono. Ikalia *kra*, ikashuka. Akatoa mkono. Haikurudi. Mtu mmoja alianza kucheka, akakatiza. Elisée akaenda mbele, akaichomoa kebo kwenye kabureta, na wenzo wa kabureta ukarudi wenyewe: *pah!*

"Mumesikia? Kabureta iko muzima. Mugonjwa ni huyu." Akaushika waya kwa koleo, akavuta mpaka ukatoka kwenye ala yake, umevikwa barafu toka mwanzo hadi mwisho.

Francis akaukwangua kwa ukucha. "Ni mimi," akasema.

"Sema kwa sauti," mzee Sosthène alisema. "Baridi imeziba masikio."

"Nimesema ni mimi! Maji ni yangu. Wairimu hakukosea. Ningekuwa mimi siku ile, nisingekumbuka kutoa gia. Ningeingia dukani na gari."

Mzee Sosthène akavua glavu, akautoa ufunguo mfukoni. "Kliniki ni lini?"

"Kesho saa mbili," Wairimu akasema, akaupokea.

Kesho yake mzee Twagirayezu aliketi kiti cha mbele, akimwonyesha Wairimu njia anayoijua Wairimu kuliko yeye, na daktari alisema jicho bado litaokoka.

Waliosimama kwenye baridi ile walikuwa watu kumi na tisa. Wewe hukuwepo. Umesoma sasa, kwa hiyo huna tena pa kujificha. Wairimu hajadai samahani ya mtu, na hilo halikuondolei deni. Namba yake ni ileile. Usingoje jioni, usingoje Jumapili mkutane mlangoni umpige bega ukicheka. Chukua simu. Mwambie ulichokisema juu yake, ulimwambia nani, na kwamba ulikosea. Mpigie sasa hivi.