Kitambaa Kwenye King'ora

Usijifanye hamnazo. Harufu ile umeinusa. Kila ukipita kando ya ukuta wa kiwanda cha kugandisha samaki pua inakuchoma, machozi yanakulengalenga, nawe unapandisha kioo cha gari na kuongeza sauti ya redio. Walio ndani hawana kioo cha kupandisha. Basi leo utasikiliza, upende usipende.

Mshonaji mmoja, mwenye cherehani yake sebuleni, ana mdogo wake wa kiume ambaye ni fundi wa mitambo kiwandani humo. Utotoni mwao baba yao alileta nyumbani kompyuta iliyotupwa na ofisi, na ndani yake mlikuwa na mchezo mmoja tu. Haukuwa wa bunduki wala wa mbio. Unaona chumba ndani ya chombo cha angani. Unabofya mlango, unafunguka. Unabofya chupa, unaibeba, halafu unaumiza kichwa chupa hiyo ni ya nini. Dada alishika kipanya. Mdogo wake alielekeza kwa kidole na kupiga kelele.

Kilichowatesa kuliko vyote kilikuwa king'ora. Kila wakikaribia lifti kinalia, roboti mlinzi anaamka, anawatupa nje. Siku moja yule mdogo akaruka: "Kizibe na kile kitambaa tulichookota!" Wakakiziba. Kimya. Roboti akalala fofofo, nao wakarukaruka kitandani mpaka chaga zikavunjika. Lakini lifti haikufunguka. Kompyuta iliganda palepale kila mara, hadi ilipokufa kabisa. Kilichokuwa chini hawakukijua.

Jumapili hii mshonaji akawekewa na mteja mmoja mchezo uleule kwenye kompyuta ya binti yake. Mdogo wake akapita kunywa chai kabla ya zamu ya mchana.

"Loo! Huyu roboti bado yu hai?" Akaegemea kiti cha dada yake. "Usisahau kitambaa."

"Hebu nyamaza. Nakumbuka kuliko wewe."

"Hicho kitambaa kimenisaidia mpaka kazini, dada. King'ora chetu cha gesi ya kugandishia kilikuwa kinalia kila mara, msimamizi anafoka kwamba kazi inasimama. Nikakisokomeza kitambaa, nikazungushia utepe juu. Siku hizi ananiita mhandisi!"

Dada alicheka naye. Ndiyo, alicheka, akamfungia na mkate wa kula kazini.

Mdogo alipoondoka, dada akaziba king'ora cha mchezoni, akabofya lifti. Safari hii ikafunguka.

Chini kulikuwa na ukumbi mrefu wa vitanda vya kioo, kila kitanda na mtu wake. Akabofya cha kwanza. Maneno yakatokea: *Hewa ilivuja. Hakusikia.* Akabofya cha pili. *Hakusikia.* Cha tatu, hivyohivyo. Aliendelea kubofya kwa kuwa alidhani lazima mmoja wao ataamka. Hakuamka hata mmoja. King'ora kile kiliwekwa kwa ajili yao. Roboti alikuwa anakisikia tu, kama wewe unavyosikia.

Akachukua simu, akampigia mdogo wake.

"Dada, niko kazini."

"Kitoe."

"Nini?"

"Kitambaa. Kitoe sasa hivi."

"Umeumaliza mchezo ukachanganyikiwa, au vipi?"

"Chumba cha kufungashia samaki kina watu?"

"Wamo akina mama, kama kawaida."

"Na mlango?"

"Unajifunga wenyewe. Si baridi itatoka?" Akashusha sauti. "Msimamizi anakuja. Nitakupigia."

Hakupiga. Dada akampigia, simu ikaita mpaka ikachoka. Akarudia, ikawa imezimwa. Akatoka mbio, futi ya kupimia nguo bado inaning'inia shingoni. Akadandia bodaboda, na njia nzima kila gari lililosimama mbele yao alitamani alisukume kwa mikono.

Getini mlinzi akamtazama ile futi. "Mama, leo hatupimi suti hapa."

"Niitie mdogo wangu, yule fundi. Na hii harufu ni ya leo?"

"Ya leo, ya jana, ya juzi. Utaizoea."

Mdogo akatoka na ovaroli yake, uso umemshuka. "Unaniaibisha, dada."

"Kitambaa umekitoa?"

"Nikikitoa kitalia. Kikilia nafukuzwa. Nina watoto wawili."

"Kwa hiyo unajua kitalia."

Aliangalia buti zake. Hapo ndipo dada alipoogopa kweli, maana hadi dakika hiyo alikuwa anaomba mdogo wake awe mjinga tu.

"Ningekuwa ndani mimi?" akamuuliza.

Mdogo akageuka, akaingia ndani. Dada akashika nondo za geti. King'ora kilipolia, mlinzi mwenyewe alishtuka akadondosha kikombe. Akina mama wakatoka hadi uani na buti zao nyeupe, wanakohoa, wawili wamemshika mwenzao makwapani. Msimamizi akaja nyuma yao, ameziba pua.

"Nani kagusa? Ni kelele tu hizo! Rudini, samaki wanayeyuka!" Akamgeukia fundi. "Wewe mhandisi, rudisha hicho kitambaa."

"Sirudishi." Sauti ilimtetemeka, lakini ilitoka.

"Basi vua ovaroli."

"Akivua yeye, na sisi tunavua," akasema mama mmoja mnene, akaketi chini kwenye sakafu ya uani. "Kazibe wewe kwa mdomo wako."

Wenzake wakaketi. Si wote. Watatu walibaki wima, wanaangalia mlango, wanawaza kodi ya nyumba.

Wako hapohapo hata sasa. King'ora kinalia, gesi inatoka, na msimamizi yuko kwenye simu anaita gari lilete vibarua wengine wasiojua lolote. Geti amelifunga kwa kufuli. Nje yuko mshonaji mmoja, peke yake, anapiga geti kwa kiganja. Wale watatu wakirudi ndani, wengine watafuata. Watu hawaketi chini muda mrefu wakiona wameachwa. Kelele unaisikia, na safari hii huna cha kusingizia. Weka ukurasa huu chini. Mgongee jirani mlango umchukue. Nendeni getini, mkalizuie hilo gari la vibarua. Sasa hivi.