Mechi Haizimwi

Tangu mtoto wake azaliwe, miaka mitano na miezi kumi na moja iliyopita, fundi makochi hakuwa amekanyaga uwanja wa mpira. Mkewe alikuwa nesi, na zamu yake ya Jumamosi haikuhama hata kwa dua. Kwa hiyo kila Jumamosi nesi alikwenda wodini, na fundi akabaki karakanani na mtoto, katikati ya sponji, gundi, mabaki ya vitambaa na misumari midogo aliyozoea kuishika kwa midomo. Mpira aliusikiliza redioni. Mtu mzima aliyewahi kuvua shati hadharani kwa bao la dakika ya tisini, sasa alishangilia peke yake, tena kwa adabu, maana akijisahau tu angemeza misumari.

Mtoto mwenyewe alikuwa wa kike. Walimwita Katibu, kwa sababu kila jambo alilisema kana kwamba anasoma taarifa ya kikao. "Uji umekwisha," angetangaza asubuhi, "na sukari nayo haikutosha."

Siku moja, wakati wa chakula cha jioni, fundi alipiga moyo konde.

"Mama Katibu, huyu mtoto amekua. Jumamosi hii nampeleka uwanjani."

"Umri wa mtoto kwenda uwanjani ni miaka kumi," alisema nesi bila kuinua macho.

"Kumi! Nani kapanga?"

"Mimi. Wa miaka mitano hajui kukaa. Nusu saa tu atasema twende nyumbani. Utamwambia ngoja kidogo, atalia. Utamnunulia juisi, atataka kukojoa. Bao litafungwa wewe ukiwa chooni, kisha utarudi hapa uninunie mimi wiki nzima."

Fundi alikata tonge jingine. Mkewe alikuwa ameyasoma maisha yake ya mbele kama anavyosoma kipimajoto.

Walivutana mpaka vyombo vikaoshwa. Mwisho wake yakapatikana makubaliano mazito kuliko ya mataifa. Katibu angepelekwa mechi moja ya majaribio. Akikaa hadi filimbi ya mwisho bila kuomba kurudi nyumbani, kila Jumamosi njia ni nyeupe. Akiomba, hata kwa kunong'ona, fundi atarudi kwenye redio yake kwa miaka minne mingine na ushee.

Na kwa kuwa nesi alijua kwamba ukweli wa mumewe huishia kwenye geti la uwanja, aliteua msimamizi. Huyo alikuwa mdogo wake wa kike, karani wa benki, ambaye kuhusu mpira alijua mambo mawili tu: kwamba ni wa duara, na kwamba wanaume huulilia. Alifika Jumamosi na daftari jipya na kalamu mbili, moja ya akiba.

"Shemeji, mimi sina upande," alisema. "Nitaandika ninachosikia."

"Ukisikia vibaya je?"

"Nitaandika vibaya."

Walikaa kwenye ngazi za saruji zilizokuwa zimeota jua tangu asubuhi. Timu ya fundi, Wakijani, iliingia, uwanja ukalipuka, na fundi akahisi roho yake ikirudi mahali pake. Filimbi ikalia. Dakika ya kwanza ikapita. Ya pili. Katibu alikuwa anageuza shingo huku na huku.

"Baba, anayetangaza yuko wapi?"

"Hapa hakuna anayetangaza, mwanangu. Unaangalia mwenyewe."

"Sasa nitajuaje kinachotokea?"

"Swali zuri," alisema mama mdogo, akaliandika.

"Yule mwenye mpira ni nani?" aliuliza Katibu.

Hapo fundi akapatwa na aibu ambayo hakuitarajia. Majina ya Wakijani aliyajua yote, na magoti yao yaliyoteguka, na ugomvi wao na kocha. Sura zao hakuzijua hata moja. Kwa miaka karibu sita alikuwa amejichorea mwenyewe kichwani: mshambuliaji mrefu mwenye kovu, kipa mwenye kitambi cha heshima. Huku uwanjani wote walikuwa vijana wembamba waliofanana kama visu vya seti moja.

"Yule ni mshambuliaji wetu," alisema, akijitia hamnazo.

"Mbona anaelekea golini kwetu?"

"Anarudi kusaidia."

"Kaka," ilisema sauti nyuma yao, ya jibaba moja lenye tarumbeta la plastiki, "yule ni wa timu pinzani. Na fulana yake si ya kijani. Hata mimi nisiye na miwani naona."

Safu nzima ilicheka. Katibu hakucheka. Alimtazama babaye kama mkaguzi anavyotazama risiti iliyofutwafutwa, kisha akapumua kwa uchovu, na midomo yake ikaanza kujikunja. Mama mdogo akasogeza kalamu kwenye karatasi. Fundi akaziona Jumamosi zake zote, mpaka ile ya miaka minne ijayo, zikipita mbele yake zimebeba sponji.

Lakini Katibu hakulia. Alisimama juu ya ngazi, akakohoa kidogo, akaanza.

"Wapenzi wasikilizaji, popote pale mlipo, karibuni tena uwanjani. Mpira anao mtu mwembamba. Anampa mtu mwembamba mwingine. Huyu ana kichwa kikubwa. Ooo! Anaangushwa pale! Refa anasema hakuna kitu, inuka kijana, acha uongo!"

Jibaba likashusha tarumbeta. Watu wakageuka. Kila kilichowahi kusemwa na ile redio ya karakana kilikuwa kimehifadhiwa ndani ya kichwa kile chenye mabutu manne ya nywele, na sasa kilitoka kwa mpangilio, pamoja na matangazo ya biashara.

"Inakuwa kona. Kabla haijapigwa, je, godoro lako linakuumiza mgongo?"

"Linaniumiza!" alijibu mtu safu ya chini.

"Basi badilisha leo! Kona inapigwa, inaokolewa!"

Mtu akampa chupa tupu ya maji iwe kipaza sauti. Fundi alivimba kichwa. Alimwinamia shemeji yake.

"Hayo unaandika?"

"Nimeandika la godoro. Nitauliza bei."

Ikafika mapumziko, sifuri kwa sifuri, na neno la nyumbani halijatajwa. Fundi akaanza kupanga moyoni Jumamosi ijayo watakaa upande gani, wenye kivuli au wenye kelele.

Sasa, karakana ya fundi ilikuwa na sheria yake. Wakijani wakifungwa bao la kwanza, fundi huilaumu gundi. Wakifungwa la pili, husema, "Zima!" na Katibu, ambaye kazi yake rasmi ilikuwa kitufe cha redio, huzima. Kisha nyundo hupigwa kwa nguvu mpaka jioni, na jambo hilo halizungumzwi tena. Hivyo Katibu alikuwa ameishi duniani karibu miaka sita bila kuusikia mwisho wa mechi iliyoshindwa. Hata fundi alikuwa ameusahau.

Bao la kwanza liliingia dakika ya hamsini na mbili. La pili, ya sitini.

Katibu aliweka chupa chini. "Baba," alisema, "zima."

"Hii haizimwi, mwanangu."

"Tumefungwa mawili. Zima."

Fundi tayari alikuwa amesimama. Miguu ilikuwa imejiamulia yenyewe, na funguo ziko mkononi.

"Shemeji, unakwenda wapi?" aliuliza mama mdogo.

"Nanyoosha miguu."

"Na funguo za nyumba nazo zinanyooshwa?"

Jibaba lilicheka mpaka tarumbeta likalia lenyewe. Katibu naye alisimama, akamshika babaye kidole. "Tumemaliza, baba? Tunakwenda?"

Kalamu ilikuwa tayari. Fundi alitazama geti, akatazama ubao wa matokeo, akamtazama mwanawe. Kila mfupa wake ulitaka kwenda kupiga nyundo. Akarudisha funguo mfukoni, akaketi.

"Hatujamaliza. Mpaka refa apulize."

"Kumbe hata tukifungwa inaendelea?"

"Inaendelea."

"Siku zote?"

"Siku zote," alisema fundi kwa sauti ndogo.

Katibu aliketi kuitafakari habari hiyo nzito. Uwanjani, Wakijani walikuwa wanaukimbilia mpira uliokwisha kutoka nje.

"Wao wanajua tumefungwa mawili?"

"Wanajua."

"Na hawaendi nyumbani?"

"Hawaendi."

Bao la tatu likaingia. Watu wa pembeni wakaanza kuondoka wakitukana, wakikanyagana vidole. Katibu hakuwatazama. Alikuwa amemkazia macho namba nne, kijana aliyekuwa anachechemea na bado anafukuzana na mtu mwenye kasi kumzidi mara mbili.

"Yule amechoka sana."

"Sana."

"Lakini anakimbia." Akaokota chupa, akasema polepole, "Wapenzi wasikilizaji, bado tuko nanyi."

Fundi akaona uwanja unachezacheza mbele ya macho yake. Alisingizia vumbi. Mama mdogo alimpa leso bila kugeuka, akaandika mstari mmoja.

Refa alipopuliza, simu ya mama mdogo ililia papo hapo. Nesi alikuwa anapiga kutoka wodini.

"Haya, niambie. Kuna aliyelia?"

"Mmoja," alisema mama mdogo. "Si mtoto."

"Na Katibu ameomba kurudi nyumbani?"

"Kuna mtu alishika funguo, lakini naye si mtoto. Dada, ongea naye mwenyewe."

Katibu aliipokea simu kwa mikono miwili.

"Mama, tumefungwa matatu. Jumamosi tunakuja tena."

"Mmefungwa matatu, mnarudi kufanya nini?"

"Namba nne anarudi," alisema Katibu. "Mimi nisije?"

Fundi akasogeza sikio kwenye simu.

"Mwambie baba yako," alisema nesi hatimaye, "akuvalishe kofia. Hilo jua si la mchezo."