Pini za Twiga

Katika miaka yake yote ya kushona viti vya magari, fundi hakuwahi kumvunjia mteja ahadi. Ukiambiwa Alhamisi, ni Alhamisi. Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa akiambiwa kesho, naye alikuwa mwanawe wa kumzaa.

Mwana huyo watu walimwita Twiga kwa urefu wake. Gari lake lilikuwa kuukuu, na kitambaa cha dari kilikuwa kimebanduka kikaning'inia hadi kumlalia kichwani. Kila akipita karakana, wimbo ulikuwa ule ule.

"Baba, hii dari inanichana nywele bila ruhusa. Lini?"

"Kesho, mwanangu. Hujui kinyozi hajinyoi?"

Wakacheka. Miaka minne walicheka hivyo. Kisha homa ikamlaza Twiga Jumatatu, na Ijumaa wakamzika.

Sasa, miezi mitatu baadaye, mjane wake alisimama mlangoni pa karakana asubuhi na mapema, ufunguo mkononi. Hakujua kuendesha, jirani ndiye aliyemletea gari. Alikuwa ameliuza, na mnunuzi angelichukua kesho yake.

"Baba, huyo mnunuzi amelikubali hivyo hivyo lilivyo," alisema. "Nimekuletea kwa sababu marehemu alikuwa anakuomba. Lisiondoke hivi."

"Umefanya vizuri, mama. Liache."

"Angalia pini zisikuchome. Kila ukimwambia kesho, akirudi nyumbani alikuwa anachomeka moja darini. Alisema siku ya siku atakuonyesha zote." Alicheka kidogo, akamkabidhi ufunguo, akaenda zake.

Fundi akaketi kwenye kiti cha dereva, akainua macho. Pini zilikuwa zimetapakaa darini, zenye vichwa vya rangi, na alizijua. Zilikuwa zake. Miaka minne alikuwa akilalamika pini zinapotea mezani, akawasingizia panya. Alizichomoa moja moja, akizidondosha ndani ya kopo. Alihesabu hadi thelathini akashindwa kuendelea, akalia pale pale, mikono juu ya usukani.

Alipojifuta uso, alianza kazi. Alifungua vikinga jua, vishikio na taa ya ndani, akautoa ubao wa dari kupitia mlango wa nyuma. Kitambaa hakikuhitaji kuvutwa. Sponji ya nyuma yake ilikuwa imeoza ikawa unga wa kahawia, ukamwagika hadi kwenye kope zake. Palipokuwa juu ya kiti cha dereva palikuwa na doa la mafuta ya nywele, pana kama kiganja. Alikipima kitambaa kipya juu ya kile cha zamani, akakata. Vitambaa vya zamani huwa matambara ya kufutia gundi. Hiki alikikunja vizuri akakifungia kwenye droo.

Aliusugua ubao kwa burashi hadi ukawa safi, akapaka gundi kwenye ubao na nyuma ya kitambaa, akangoja ishike kidogo. Kisha akalaza kitambaa nusu kwa nusu, akikinyoosha kwa kiganja toka katikati kwenda pembeni, polepole, kama mtu anayembembeleza mtoto alale. Hakuacha hata kunyanzi moja. Alipomaliza kurudisha kila kitu mahali pake, aliingia akakaa kiti cha abiria, akabaki humo.

Mjane alirudi alasiri. Aliketi upande wa dereva, akapeleka mkono juu, akaupitisha taratibu.

"Imenyooka, Baba. Angefurahi sana." Akageuka. "Nilidhani utasema nimwambie mnunuzi asubiri. Kumbe ni kazi ya siku moja?"

Hakuwa na ubaya wowote, aliuliza tu. Fundi aliitazama mikono yake, gundi imemkaukia vidoleni.

"Hata siku haifiki, mama," alisema. "Nimeanza saa mbili. Saa nane nilikuwa nimemaliza."