Buti la Nusu Safari

Kwa nini mgeni wangu anavaa buti moja? Sauti chini, mjukuu wangu, mwenyewe yupo hapo uani anachambua mchele. Nitakwambia.

Mahujaji wanaokuja kijijini kwetu, watoke watokako, safari yao inaishia pale chini, kwenye maji. Wanavua viatu, wanaingiza miguu yote miwili baharini, wanalia kidogo, halafu huyoo, kila mtu kwao. Mimi nawashonea viatu vilivyochoka. Nimezaliwa mwisho wa njia ya watu. Mwenyewe sijawahi kufika popote.

Huyu alikuja msimu ule bibi yako alipotutoka. Wenzake wakaingiza miguu, yeye akaingiza wa kushoto tu.

"Mzee mwenzangu," nikamwambia, "umesahau mmoja."

"Sijasahau. Nikiulowesha huu, nimefika. Nikishafika, lazima nirudi."

"Si ndiyo vizuri?"

"Vizuri kwa nani? Nyumba nimeifunga, ufunguo huu hapa shingoni, hata wa kumwachia sina."

Siku hizo mimi nami nilikuwa nakula wima, palepale jikoni, kijiko ndani ya sufuria. Maana ukiketi peke yako, mjukuu wangu, ndipo unapokiona kile kiti kingine.

Nikampa buti la mpira, mguu wa kulia usilowe, akabaki hapa kwangu. Vijana wakamwita Nusu Safari, anacheka tu. Mchana tunashona pamoja. Ila naye hula wima, eti msafiri haketi. Basi tunasimama wawili, kama punda mvuani.

Haya, mama yako anaita mezani, na mzee huyo anaingia. Kamnawishe mgeni wangu... We! Polepole na hilo jagi! Umemmwagia ndani ya buti!

Yamefika wapi, mzee mwenzangu?

"Mpaka vidoleni."

Si ya bahari hayo. Hayahesabiki.

"Maji ni maji, fundi."

Ona, analivua. Analimimina taratibu, mguu umekunjamana kama wa mtoto mchanga. Sasa anaupapasa ule ufunguo shingoni, anatazama mlango. Usiseme kitu, mjukuu wangu.

"Wazee, mmesimama nini?" Huyo mama yako, hajui hili wala lile. "Viti vyote hivi! Chakula kinapoa."

Mgeni anavuta kimoja. Kiti cha bibi yako hicho.

"Fundi, kina mtu hiki?"

Hakina. Keti.

Ameketi. Miguu yote miwili mitupu, chini ya meza yangu.

Sogea kidogo, mjukuu wangu, babu naye akae.